Raba ya Mguu wa Kushoto

Vijana waliokuwa wakichimba kaburi la kaka Enoki ndio walioipata. Kaka mwenyewe alikuwa ameagiza tangu akiwa hoi kitandani, "Mnizike pale karibu na migomba, ubavuni mwa jirani yangu," na sisi wa zamani tulimwelewa, ila watoto walidhani ni homa inamsemesha. Basi saa nne asubuhi niko jikoni nachambua maharage na wanawake wenzangu, nikasikia makoleo yamenyamaza. Aliyezoea misiba anajua, makoleo yakinyamaza kabla ya wakati pana jambo. Mara akaja mtoto wa kaka ameshika kitu kwa vidole viwili, udongo unadondoka. "Shangazi, tumekuta kiatu. Nikitupe?" Karibu miaka thelathini chini ya ardhi, ubao wa kisanduku umeliwa wote na mchwa, lakini raba ilikuwa raba. Soli nzima. Na pale ubavuni uzi ulikuwa mwekundu vilevile, haujapauka hata kidogo. Niliipokea, nikaipakata kwenye kanga, nikakaa chini palepale. Wenzangu walidhani namlilia kaka. Kaka nilimlilia, tena sana, lakini siku ile nilimlilia na mtu mwingine ambaye mpaka leo jina lake la ubatizo silijui.

Sitaki kusimulia nilizaliwaje wala baba alikuwa na mashina mangapi ya kahawa huko kijijini kwetu Ruanda. Hayo hayamsaidii mtu. Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule niliokaa Tunduma kwa Mama Bupe nikiwa na miaka kumi na tisa, mitumba ndiyo kwanza imefunguliwa na kila kijana anataka raba. Mama Bupe alikuwa mwanamke wa Kizambia aliyeolewa upande wetu na kuachika upande wetu, mnene, mcheshi, ana sauti ya kuitia ng'ombe. Kibanda chake kilikuwa kwenye uchochoro wa viatu, hatua chache kutoka mpakani, na nyuma ya kibanda ndiyo nyumba: chumba chake, na chumba nilichochangia mimi na viatu. Wauza raba wa Tunduma hawakuwa wakitoa nje jozi nzima, maana ukitoa jozi mwizi anaivaa hapohapo na kuvuka nayo mpaka. Mezani ulitoka mguu wa kushoto tu. Ya kulia yote ilibaki ndani, imetundikwa kwa kamba zake kwenye boriti juu ya kitanda changu. Mteja anakaa kwenye benchi, anavaa wa kushoto, anapiga hatua mbili tatu akichechemea huku wenzake wakimcheka, akiridhika Mama Bupe anapaza sauti, "Lete mwenzake!" Nami nazama ndani. Chumba hakikuwa na dirisha. Nilikuwa napapasa kiatu kimoja kimoja mpaka vidole viniambie huu ndio.

Nikisema chumba kile kilinitisha mtanicheka, lakini nyinyi hamkulala mle. Mchana kweupe, nje jua la kutoboa utosi, ndani mnapoa kama kisimani. Lori likipita barabarani boriti inatikisika, na ile miguu ya kulia inaanza kucheza juu yangu, polepole, mmoja mbele mwingine nyuma, hatua za watu wasioonekana. Kila kiatu kilikuwa na alama ya mtu. Hiki kisigino kimelika upande, mwenyewe alikuwa na tege. Hiki kimetoboka gumbani. Nilikuwa naviosha kwa brashi, navisugua soli kwa mswaki, navijaza makaratasi vikauke na umbo, na mara nyingi nikitia mkono ndani nilikuta joto. Ni jua, najua kuwa ni jua. Mama Bupe aliniwekea sharti moja siku ile ya kwanza, tukila ugali kwa kapenta, vile visamaki vikavu vya kwao. "Iwe, Salome," alisema, 'iwe' ndiyo 'wewe' ya lugha yao, akinyoosha tonge mlangoni, "ukitundika viatu, vidole vitazame ukutani. Kiatu kikitazama mlango kinamwita mwenyewe." Nikacheka. Yeye hakucheka, akaendelea kula. Tangu siku hiyo kila asubuhi kabla sijanawa uso nilikuwa nainua macho kuangalia kama kuna kilichogeuka, na vilikuwepo, haki ya Mungu, kila siku kimoja au viwili.

Kaka Enoki alikuja mwezi wa tatu, akielekea Saza kuchimba dhahabu. Alikuwa amegombana na baba, na alitaka kurudi tajiri ili baba aombe radhi mbele za watu. Ndivyo vijana walivyo. Wiki ile lilikuwa limefunguliwa robota zima la raba za aina moja, nyeupe zenye mstari wa bluu, nafikiri zilikuwa zimekataliwa huko zilikotoka kwa sababu zote zilikuwa na ugonjwa mmoja: mguu wa kushoto unafumuka ubavu upesi. Kaka alizunguka uchochoro mzima, akajaribu, akavua, akajaribu, akarudi palepale kwenye mstari wa bluu. "Mdogo wangu, hizi ndizo. Nikitembea nazo Saza watajua mtu kaja." Nikamwambia ngoja. Nilikuwa na shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na uzi mwekundu wa nailoni tuliokuwa tukipewa na ushirika kufungia magunia ya kahawa. Nikamshonea ubavu wa ule wa kushoto kwa mshono wa mdomo wa gunia, ule wa kwenda na kurudi, na mwisho nikapiga fundo mbili. Kipande cha uzi kilichobaki akakitia mfukoni pamoja na shazia yangu. Akaenda zake akiangalia miguu yake mwenyewe, akagongana na mama wa ndizi, akatukanwa, akacheka.

Miezi ikapita bila barua wala salamu. Ukuta wa kibanda ulikuwa bati, nami nikiosha viatu nyuma yake nilikuwa nasikia kila kinachosemwa kwenye benchi. Habari nyingi ni za wanawake na mpira. Ila wiki moja ya mwezi wa nane zikaja nyingine. "Saza shimo limeshuka." "Wangapi?" "Nani atajua? Mle watu hawana majina, ni Mbeya, Kipara, Mjomba. Wengine hawajatolewa mpaka leo, shimo limewekwa miiba basi." Brashi ikanianguka. Nikatoka mbio na povu mikononi nikawauliza kama wanamjua Enoki wa Ruanda, mrefu, ana pengo. Wakatazamana. Mmoja akaniambia kwa upole kwamba dada, pale wote ni warefu na wote wana mapengo.

Ni baada ya hapo ndipo alipoanza kuja yule mama. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, amejifunga kanga mbili zilizofifia, miguu ina vumbi la mbali. Siku ya soko asubuhi, kabla wateja hawajajaa, unamwona tu amesimama mezani. Kuja kwake hukuoni. Haulizi bei. Anachukua raba, anaigeuza, anatia mkono ndani mpaka kwenye vidole, anaukaza pale kidogo, amefumba macho. Anairudisha alipoitoa, anachukua nyingine. Mkono mmoja tu ndio uliokuwa kazini. Wa pili ulishika kitu chini ya kanga kifuani, hakuutoa kamwe. "Shikamoo, mama," nikamwambia siku ya kwanza. "Marahaba." "Unanunua au unaangalia?" "Naangalia, mwanangu." Muuza kandambili wa jirani alisema huyo anakusanya nyayo za watu, kiatu kilichovaliwa kina nyayo ndani, na mwenye nyayo zako anakuita utake usitake. Mama Bupe akawa anamwaga chumvi mezani akiondoka. "Mayo! Ametia vidole viatu vyote vya wateja wangu," alilalamika, akimwita mama yake kwa lugha yao. Mimi nilikuwa namwogopa nikajifanya simwogopi, na usiku nilikuwa nanawa mikono mara mbili kwa kuwa nimegusa alivyogusa.

Mwezi wa kumi akapita mtu mwenye gunia, wale wanaozunguka machimboni kununua makorokoro ya walioshindwa na kuondoka: sururu, sufuria, redio mbovu, viatu. Mama Bupe alichukua viatu vyote, na mle ndani ulikuwemo mguu mmoja wa kushoto usio na mwenzake, jamaa akautupia tu juu. Nikaupeleka nyuma pamoja na vingine nikauoshe. Tope lake lilikuwa jekundu na gumu. Nikasugua, nikamwaga maji, nikasugua, na chini ya tope ukatokea mstari wa bluu. Ubavu nilikuwa bado sijaugeuza. Nikageuza. Uzi mwekundu. Mshono wa kwenda na kurudi. Mwisho wake, fundo mbili. Yesu wangu! Niliangalia ule mshono mpaka macho yakauma, nikatafuta pa kujidanganya sikupata. Mwenye gunia nilimkuta anakunywa chai. "Huu umeutoa wapi?" "Saza." "Kwa nani?" Akainua mabega. "Dada, ulikuwa mlundo mdomoni mwa shimo."

Sijui nilisimama pale uchochoroni kwa muda gani. Nakumbuka nimeikumbatia raba, maji yanachuruzika tumboni, na mtu ananisemesha kwa sauti ndogo. "Mwanangu. Hujapata wa kushoto, mstari wa bluu?" Nikageuka. Ni yeye. Kwa mara ya kwanza alikuwa ametoa mkono wa pili chini ya kanga, na ulikuwa umeshika raba. Nyeupe, mstari wa bluu, mguu wa kulia, ina tope jekundu ambalo hakuna aliyeliosha. Nilichofikiria ni kimoja tu: huyu ana mguu wa pili wa kaka yangu. Ndiye aliyemwita. Ana unyayo mmoja, anatafuta wa pili ammalize. "Wenzake waliniletea huu," akasema. "Sasa mtu ataendaje na mguu mmoja? Hawezi kwenda." Alisema kwa unyenyekevu, kama anayeomba maji. Mimi nikavuta kanga, nikaificha raba nyuma ya mgongo wangu. "Hapana, mama," nikasema. "Sijaona." Akanitazama kanga iliyolowa. Sijui aliona au hakuona. Akasema asante, akasogea meza ya pili.

Nilipanda gari siku hiyohiyo bila kumuaga Mama Bupe sawasawa. Nyumbani nikaiweka raba mezani, mbele ya sahani za watu, na hakuna aliyeuliza ni ya nani kwa sababu uso wangu ulishasema. Baba alitaka kwanza aende Saza akajionee. Alisema, "Uzi ni uzi, Salome. Una hakika?" Nami, kichwa maji, nikamjibu baba yangu, "Mkono wangu naujua!" Nikalia, nikagaagaa, nikasimulia habari za yule mchawi mpaka mama akaacha kula. Basi baba akakubali. Ukoo wetu hauziki hewa. Mtu akipotea asionekane, huzikwa kitu kilichogusa mwili wake, ili asitangetange. Fundi akatengeneza kisanduku cha mbao za mkaratusi, kidogo hata ungedhani cha kichanga. Mzee wa kanisa akatia neno fupi akikwepa macho ya watu. Tukaizika raba ya mguu wa kushoto karibu na migomba, mchana, mvua ya kwanza ikinyunya, na mbwa wetu akakaa pale kwenye tuta, haingii ndani, hali, anatazama tu chini.

Ilikuwa wiki ya tatu baada ya hapo, saa saba mchana. Tunakula, ugali na kisamvu, mlango umerudishwa kwa sababu ya upepo. Tukasikia, "Hodi." Mkono wa baba ukasimama katikati ya bakuli na mdomo. Mama alinishika kifundo cha mkono, kucha zikaingia. "Usiitikie," alininong'oneza. Hodi moja haiitikiwi kwetu, maana wafu hawawezi kupiga ya pili. Tukangoja. Mbwa hakubweka. "Hodi," sauti ikasema tena, na kisha, ikiwa na uchovu, "Jamani, hodi! Mmehama?" Baba akauliza, "Nani?" "Mimi, Enoki." Mama akaanza kusema "Ee Bwana, ee Bwana" bila kupumua. Baba alikuwa mtu mkavu, lakini sauti yake siku ile sijawahi kuisikia tena. "Kama ni wewe, sukuma mlango kidogo tu. Tuonyeshe miguu." Mlango ukasogea. Ukaingia mguu wa kushoto, ukakanyaga sakafu yetu ya udongo, na ulikuwa umevaa raba nyeupe yenye mstari wa bluu, na ubavuni ulikuwa na uzi mwekundu, mshono wa kwenda na kurudi, fundo mbili. Ile tuliyoifukia. Nilipiga ukelele majirani wakaja.

Alikuwa mzima. Amekonda, hana dhahabu hata ya kuziba jino, na ameona aibu kuandika. Baba alimvua raba kwa mikono yake mwenyewe, akamshika unyayo, akaushikilia. "Una joto," akasema, na hapo ndipo mama alipozimia. Jioni tukamweleza yote, tukampeleka kwenye tuta. Kaka akasimama akaliangalia kaburi lake. Kisha akasema kwamba siku moja, wiki tatu nyuma, alikuwa anaosha mchanga mtoni, mguu wa kushoto ukafa ganzi ghafla, baridi ya udongo mbichi, na haujapona. Kweli alichechemea tangu hapo mpaka anakufa. Mimi sikuwa nasikiliza habari za mguu. "Kaka," nikamwambia, "nani mwingine alikuwa na raba hizi?" "Nusu ya Saza," akajibu. "Zote zikafumuka ubavu. Kuna dogo mmoja tukimwita Mpunga, hachoki kuusifia mpunga wa kwao Kamsamba, zake zilichanika vibaya. Nikamshonea mwenyewe kwa shazia yako na uzi wako uliobaki. Si ndivyo ulivyonifundisha, fundo mbili?" Akaligeukia lile tuta. "Alikuwa kwenye lile shimo."

Kesho yake nikarudi Tunduma. Mshono ule ndio tuliofundishwa sote, kila nyumba yenye gunia la kahawa, na mimi niliapa kwamba ni mkono wangu peke yangu! Yule mama hakuwa mchawi. Alikuwa anatafuta mguu wa pili wa mwanawe amzike, na alikuja mpaka mbele yangu, nikaushika mgongoni, nikamwambia sijaona. Nilikaa kwenye kibanda siku ya soko kuanzia alfajiri. Hakuja. Wiki nyingine hakuja. Nilikaa mpaka mwisho wa mwaka, na nikamweleza Mama Bupe ukweli. Hakunigombeza, alikwenda akafuta chumvi yote mezani kwa kitenge chake, akakaa akimtazama kila apitaye. Kaka alishuka Kamsamba akauliza. Akaambiwa ndiyo, palikuwa na familia iliyopotelewa na kijana, ni wafugaji, wameshahama na ng'ombe wao, wengine wakasema bondeni, wengine wakasema ng'ambo ya ziwa. Baba hakuruhusu kisanduku kifukuliwe. Alisema tumekosea kwa kumzika, tusikosee tena kwa kumfukua. Kwa hiyo kaka akalipalilia lile tuta maisha yake yote, akaliita jirani. Nami nikaolewa, nikazaa, nikajiambia maji yakimwagika hayazoleki. Uongo. Nilikuwa mwoga tu, na ni aibu kubwa kuliandika hili nikiwa na mvi.

Siku tuliyomzika kaka sikuirudisha raba shimoni. Niliiosha kama zamani, kwa mswaki, nikaijaza makaratasi, na nilipotia mkono ndani ilikuwa na joto. Sasa kila siku ya soko nateremka Tunduma. Mji umekuwa mkubwa, maghorofa, foleni ya malori haina mwisho, uchochoro wa viatu umekuwa mtaa mzima, lakini mezani bado unatoka mguu wa kushoto tu. Napita meza kwa meza, raba yangu nimeishika kifuani chini ya kanga. Kama yule mama yu hai, sasa ni bibi kizee, na kama si yeye basi yupo dada, yupo mdogo mtu, mwenye ule wa kulia. Juzi nilisimama kwenye meza ya binti mmoja aliyekuwa anasugua viatu. Sijui kwa nini nilichukua raba moja nikatia mkono ndani mpaka kwenye vidole, mazoea mabaya. "Shikamoo, mama. Unanunua au unaangalia?" "Naangalia, mwanangu." Nikatoa mkono wangu chini ya kanga, nikamwonyesha. "Hujamwona mtu mwenye wa kulia, mstari wa bluu? Akija mwambie wa kushoto ninao mimi." Binti akaitazama ile raba, uzi mwekundu, kisha akanitazama usoni. Taratibu akakichukua kiatu alichokuwa anakisugua, akakificha nyuma ya mgongo wake.